Kuhamisha duka la picha baada ya miaka mingi: ingia kwanza chumba cha nyuma

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi na marehemu mume wangu tulifungua duka la picha na karakana ya fremu Upanga, Dar es Salaam, mwaka 2002. Sasa jengo limeuzwa, mwenye nyumba mpya anataka kujenga ghorofa, na tumepewa mpaka mwisho wa Machi tuwe tumetoka. Nimepata vyumba viwili vya chini Kinondoni, vimepigwa plasta juzijuzi. Nina picha nyingi za mtindo wa tingatinga, picha mbili za msanii George Lilanga, kazi za wasanii wanaoniachia niwauzie, na chumba cha nyuma kimejaa picha za wateja ambao hawakurudi. Nianze wapi? Nizibebeje zisiharibike? Na hizo zilizoachwa, naruhusiwa kuziuza nipate gharama za kuhamia? Nina wiki saba."

Marahaba, dada. Pole kwa msiba, na pole kwa barua ya kutoka. Maswali yako yote nitayajibu, ila nitaanzia mwisho, kwa sababu hilo la picha zilizoachwa ndilo linalotakiwa kutangulia. Kabla hujanunua boksi hata moja, kabla hujapatana bei na mwenye kenta, ingia chumba cha nyuma ukiwa na daftari.

Nimehamisha karakana mara mbili. Mara ya kwanza nilianza na mashine, vioo na mbao, kama wengi wanavyofanya, maana vitu vizito ndivyo vinavyomtisha mtu. Nilikosea. Mashine ikiharibika inatengenezwa, kioo kikipasuka kinanunuliwa kingine. Ila kwenye duka la picha, karibu kila kitu kisichonunulika tena ni cha mtu mwingine, na wewe umekabidhiwa tu.

Wakati nahama Kariakoo nilikuwa na rundo la fremu kuukuu zisizo na mwenyewe, kama arobaini hivi. Nikampa seremala jirani achukue mbao. Miezi mitano baadaye akaja mama mmoja na risiti yangu, imekunjwa mara nne, wino umefifia, lakini mwandiko ni wangu. Alikuwa ameleta picha ya harusi ya mwaka 1974, nyeusi na nyeupe, ibadilishwe kioo. Nilipomweleza yaliyotokea hakuililia picha, kwa kuwa nakala yake ilikuwa kwa dada yake. Aliuliza ubao wa nyuma uko wapi. Mumewe alikuwa akiandika pale, kwa penseli, tarehe za kuzaliwa watoto wao wote saba. Nilikwenda mbio kwa seremala. Ule ubao ulikuwa umeshageuzwa kitako cha droo na kupakwa rangi ya kijani. Tangu siku hiyo hakuna fremu inayotoka mikononi mwangu kabla sijaigeuza nikasoma mgongo wake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza kazi yako ni hiyo tu. Toa picha moja moja, igeuze, ipige picha mbili kwa simu, mbele na nyuma, kisha uipe namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi utakachokibandika kwenye fremu, kamwe si kwenye picha yenyewe. Andika kipimo, imechorwa au imechapwa juu ya nini, ina kasoro gani tayari (mkwaruzo, ukungu, kona iliyomeguka), na ni ya nani. Kwa duka la umri wako ningetenga siku nne za watu wawili, mmoja anashika, mwingine anaandika. Kisha kamata madaftari ya oda ya zamani. Naamini mengi yana mwandiko wa marehemu mumeo. Humo ndimo yalimo majina na namba za simu za wenye picha. Namba nyingi hazitapatikana, lakini utashangaa ngapi bado zinaita.

Mwenye picha ukimpata, mwambie mambo matatu: duka linahama, picha yake ipo, na aje aichukue Upanga kabla ya tarehe fulani. Usianze na deni. Mtu aliyeacha picha miaka sita anaona haya, na ukianza na salio hatakuja. Mimi huwasamehe wengi nusu ya bei ili mradi waichukue, kwa sababu kila picha inayotoka sasa ni picha ambayo sitaifunga, sitaibeba wala kuitafutia nafasi ninakokwenda.

Sasa, kuuza. Kisheria umekabidhiwa mali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakutaka uitunze kama mtu mwenye busara angetunza mali yake mwenyewe, na inakuruhusu kuishikilia mpaka ulipwe ujira wa kazi uliyoifanya. Kuishikilia ni jambo moja, kuiuza ni jingine. Kama risiti zako hazikuwahi kuandikwa kwamba picha isiyochukuliwa ndani ya muda fulani itauzwa, usiuze kwa uamuzi wako mwenyewe. Tuma ujumbe wa maandishi, bandika tangazo mlangoni, piga picha ya tangazo hilo ibaki kama ushahidi, na kwa kazi yenye thamani kubwa muone wakili kabla ya kuigusa. Zilizobaki, hasa picha za familia, vyeti na taraza za mkono, zitoe kwenye fremu kwa uangalifu, zilaze kwenye bahasha kubwa zenye namba, uende nazo. Picha mia bila fremu zinaenea kwenye droo moja. Mbao na vioo pia vihesabu, uviandike, kwani fremu ni ya mteja kama alishailipia. Na kuanzia risiti ya kwanza ya Kinondoni, chapisha sharti la muda, kwa maandishi yanayosomeka, na umsomee mteja akiwa hapo hapo.

Mali kauli za wasanii zina utaratibu wake. Waite mmoja mmoja. Lipa chochote unachodaiwa kabla ya kuhama, hata kama itabidi ukope, kwa sababu msanii anayedai akisikia duka limefungwa Upanga hatauliza limekwenda wapi, atadhani umemkimbia. Mwonyeshe orodha yake, mchague pamoja zinazokwenda na zinazorudi nyumbani kwake, msaini karatasi mpya yenye anwani mpya na mgawanyo wa mauzo. Aliyefariki, tafuta warithi. Na ukitaka kutumia picha ya kazi yake kutangaza duka jipya, muombe. Kuuza au kununua mchoro hakuhamishi hakimiliki, hiyo inabaki kwa aliyeuchora mpaka aitoe kwa maandishi.

Orodha hiyo yote iwe na nakala mahali pengine, kwenye barua pepe yako na kwenye simu ya mtoto wako. Wazee wa fani hii tunaikumbuka Paa ya Paa ya Nairobi, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake. Moto uliingia mwaka 1997, kazi nyingi zikateketea. Unapohama ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi, kwa sababu kwa siku kadhaa mali iko nusu huku, nusu kule, na nyingine barabarani. Hapo hapo soma bima yako kama unayo. Mara nyingi inataja jengo, maana yake picha zikishatoka mlangoni Upanga hazina bima mpaka ziandikwe upya Kinondoni. Omba wakuongezee ya njiani.

Wiki ya pili nenda Kinondoni, na usiende kupanga meza. Umesema plasta ni ya juzijuzi, na hapo ndipo panaponitia hofu kuliko kenta na vioo. Plasta ya saruji inaendelea kutoa maji kwa mwezi mzima na zaidi, na Machi masika inaingia, kwa hiyo ukuta hautapata nafasi ya kukauka. Chukua nailoni safi inayoonyesha, kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) pande zote nne, uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani au ukuta umekoza rangi, usitundike kitu. Fungua madirisha mchana, washa feni, rudia kipimo kila wiki. Nunua pia kipima unyevu, ni kidude kidogo cha bei nafuu. Makumbusho hupenda kati ya asilimia 45 na 55, jambo ambalo Dar bila mashine hulipati. Lakini ukikaa muda mrefu juu ya 70 ukungu utaota nyuma ya karatasi na picha za kamera, na mbao zako zitavimba. Unapotundika, weka vipande vya kizibo au mpira kwenye kona mbili za chini za fremu ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Gonga kuta pia. Kama mwenye nyumba amegawa chumba kwa jipsamu, upande huo usiutegemee kubeba kioo kikubwa.

Angalia jua linaingia wapi saa nne na saa kumi. Picha ya rangi ya maji au ya kamera haitakiwi kupata zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ya mafuta inavumilia kama 200, na jua la dirishani ni maelfu. Simu yako ina programu ya kupima, si sahihi sana, ila inatosha kukuonya.

Vyumba ni viwili, kwa hiyo nakuomba usiuweke msumeno chumba kimoja na picha, hata kama nafasi inakubana. Vumbi la mbao linaingia nyuma ya kioo na halitoki mpaka ufungue fremu. Tena vumbi hilo limeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, vijana wako wavae barakoa. Chumba chenye mlango wa nje kiwe karakana. Muulize mwenye nyumba kama umeme ni wa njia moja au tatu kabla hujasaini, na mkataba utaje kwamba unaruhusiwa kukata mbao na kuweka bango. Nimeona fundi anafukuzwa mwezi wa pili kwa kelele, na kilemba, ile pesa ya kuingilia chumba, alichotoa hakikurudi.

Haya, tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, akichora kwenye vipande vya hadibodi vya kama futi mbili kwa mbili, rangi ni ile ile ya mafuta yenye mng'ao, ya kupakia baiskeli na milango. Juu inakauka, mkono hauoni kitu. Chini inabaki laini kwa miezi, na joto likipanda inarudi kunata. Mara yangu ya pili kuhama nilifunga picha ya chui mmoja mzuri sana kwa nailoni ya mapovu (bubble wrap), mapovu yakielekea kwenye rangi, akakaa saa tatu kwenye kenta juani. Tulipomfungua alikuwa na madoa yake ya mchoraji na madoa mengine ya duara, yaliyojipanga kwa mistari kama mahindi gunzini. Nailoni ilipobanduka kwenye sikio ilitoka na rangi. Mchoraji alikuwa hai, akamrekebisha, lakini sikuweza kumuuza kwa bei ile tena, wala sikumficha mnunuzi.

Kwa hiyo picha ya rangi hiyo isiguswe na nailoni kabisa. Kama imeshawekwa fremu bila kioo, kata kona nne za kadibodi nene zinazoinuka kupita uso wa rangi, zivalishe, kisha funika kwa ubao wa kadibodi unaokaa juu ya kona hizo. Kati ya rangi na kadibodi pawe na hewa. Ndipo nje uzungushie nailoni ya mapovu, mapovu yakitazama nje. Kama lazima kitu kiguse rangi iliyokomaa, tumia ile karatasi ya kuokea keki isiyoshika, au kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili. Gazeti hapana, wino wake unahama. Hadibodi zichunge kona na maji, kwani ikilowa ukingoni inavimba kama mkate na hairudi.

Zilizochorwa kwenye kitambaa na zisizo na fremu unaweza kuziviringisha juu ya bomba, rangi ikiwa nje. Najua mkono wote unataka kuiweka rangi ndani ili kuilinda. Ikiwa ndani rangi inabanwa na kufanya makunyanzi, na ukiifungua inapasuka. Ikiwa nje inanyooshwa kidogo tu na ikifunguliwa inarudi mahali pake. Bomba liwe nene, kipenyo kisipungue sentimita 15, na ziondoke kwenye bomba siku hiyo hiyo mnafika.

Za Lilanga usizipandishe kenta. Zibebe kwenye gari dogo, siti ya nyuma, wewe mwenyewe ukiwemo. Stakabadhi, barua na picha zozote zinazoonyesha zilikotoka ziende kwa safari nyingine. Kazi za George Lilanga zinaigwa mno tangu alipofariki mwaka 2005, na karatasi hizo ndizo zitakazokutetea siku mnunuzi akiuliza.

Kuhusu vioo, kitu bora ni kuwa navyo vichache. Acha kununua leo, maliza ulivyonavyo kwa kazi za wiki hizi. Kioo cha milimita 2 kina uzito wa kilo 5 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo shehena ya vipande ishirini vya ukubwa huo ni kilo mia za kitu kinachoweza kumkata mtu. Vitakavyobaki visafiri vimesimama, havilazwi hata kimoja, vimeegemea kitako cha mbao kilichofungwa kwa kamba kwenye bodi la gari, na katikati ya kila kimoja na kingine pawe na karatasi. Picha zenye kioo bandika utepe ule ule wa karatasi kwa mkato wa msalaba juu ya kioo. Haizuii kupasuka, inazuia vipande visianguke vikachana picha. Zipange zimesimama vilevile, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, ndoano ya moja isikwaruze uso wa nyingine. Picha za chaki usizibadilishie plastiki badala ya kioo, plastiki ikisuguliwa inavuta unga wa chaki na kuubeba. Mpigie dereva mapema umwambie ni asubuhi sana, saa kumi na mbili, kabla ya jua na foleni, na turubai liwe zima. Nakushauri picha zote ziwe zimeshafika katikati ya Machi. Mvua za mwisho wa mwezi usizisubiri.

Mashine ya kukatia pembe ikifika, usiiamini. Imetikiswa, na sakafu ya kule si ya huku. Sawazisha kitako kwa pima maji, kisha kata vipande vinne vya mbao chakavu, viwili virefu na viwili vifupi, uviunge bila gundi. Fremu moja ina mikato minane. Kosa la nusu digrii kwenye kila mkato hulioni kwa macho, lakini minane ni digrii nne, na zote zinajitokeza kwenye kona ya mwisho kama mdomo wazi. Pima mishazari miwili: ikilingana na kona zikafunga, endelea. Zisipofunga, rekebisha kabla ya kugusa mninga au mkongo wa mteja. Mbao za akiba zikague pia kwa mwanga wa tochi. Tundu dogo lenye unga mwepesi chini yake ni dumuzi, na ubao huo ubaki Upanga.

Karatasi za serikali nitazipitia haraka, maana zinajulikana. Leseni ya biashara inataja mahali, hivyo nenda halmashauri uibadilishe. TRA, watu wa kodi, wajulishe anwani mpya na uwaulize kuhusu mashine ya risiti kabla hujaihamisha. Jina la biashara likiwa limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, badilisha makao makuu ya biashara huko pia. Fanya wiki ya tatu, usingoje mwisho.

Kilichobaki ni wateja. Kwa miaka hii yote stika ya duka lako imebandikwa nyuma ya fremu zilizotawanyika mjini na nje ya nchi, na kila moja ina namba ya simu. Namba hiyo usiiache ikafungiwa kwa kukosa vocha. Ndiyo anwani yako halisi, kuliko Upanga na Kinondoni. Badilisha alama kwenye ramani ya Google siku ile ile mnayofungua. Kisha nenda kwa mkono kwa jirani zako: fundi cherehani, mama ntilie, mlinzi wa maegesho, muuza magazeti. Wape kila mmoja kadi ishirini. Mteja wa zamani hatafuti kwenye simu, anakuja mlangoni, na akikuta pamefungwa anamuuliza aliyekaa karibu. Mlipe kijana mmoja akae hapo wiki mbili za mwanzo, saa za kazi, na asiwe na jingine zaidi ya kuelekeza.

Halafu muone msimamizi wa ujenzi mapema, kwa heshima, na bango dogo mkononi. Watazungushia uzio wa mabati kabla ya kuvunja, na uzio ule utakaa miezi mingi. Muombe bango lako, lenye namba ya simu kwa herufi kubwa, lipigwe misumari pale pale mlango wako ulipokuwa.